Uingereza: bilioni 1.5 za viwanda vya risasi, bilioni 1.5 za nyumba za familia za wanajeshi. Zinafika kweli?

Mjomba_wa_Pongwe

Wakuu, salaam. Naomba msaada, hasa kwa mlioko Uingereza.

Mtoto wa dada yangu ana miaka 23 na ameshika fomu za kujiunga na jeshi la Uingereza kwa ule mlango wa nchi za Jumuiya ya Madola. Kwa kuwa mimi ndiye mjomba, ukoo mzima unaniuliza mimi, kana kwamba nimewahi kuvuka hata Namanga. Basi nimejifungia nasoma.

Nimekuta kwamba Juni 2025 serikali ya Keir Starmer ilitoa Mapitio ya Mkakati wa Ulinzi. Humo wameahidi pauni bilioni 1.5 za kujenga viwanda visivyopungua sita vya risasi na baruti, pamoja na silaha za masafa marefu hadi 7,000. Ukijumlisha yote ya risasi na makombora katika kipindi hiki cha Bunge, wanasema ni bilioni 6. Halafu kurasa chache mbele, bilioni 1.5 nyingine za kukarabati nyumba za familia za wanajeshi. Namba zimelingana mpaka nikacheka peke yangu: kama bwana mwenye wake wawili aliyenunua doti mbili za khanga zinazofanana ili usiku apate usingizi.

Maswali yangu. Hivi hizo fedha zinatoka mfuko mmoja? Nchi tajiri vile, ilikuwaje nyumba za askari wake zikafika mahali pa kuhitaji mabilioni? Na la msingi: huyu mpwa wangu anaambiwa na wenzake kwamba ukiingia tu unapewa nyumba. Ni kweli?

Ngurumo77

Tungeanza na nyumba za askari wetu kwanza kabla ya kuhurumia za Wazungu.

Mjomba_wa_Pongwe

@Ngurumo77 mkuu, hilo ni la haki kabisa, lifungulie uzi wake nije kuchangia. Hapa nina mpwa wa kumsindikiza.

MamaImani_Larkhill

Kakangu wa Pongwe, salaam aleikum. Hapa umebisha hodi penyewe. Niko Larkhill, Wiltshire, mwaka wa tisa huu, ndani ya nyumba ya jeshi. Mume wangu ni fundi wa magari ya deraya. Mimi kwetu Likoni.

Nianze na dirisha, maana dirisha ndilo lililonifundisha habari zote hizi kabla sijasoma ripoti hata moja.

Larkhill ndiko iliko shule ya mizinga ya jeshi la Uingereza, na uwanja wa mazoezi wa Salisbury Plain uko hapo nyuma yetu. Siku za mazoezi mizinga huanza kulia asubuhi hata chai haijachemka. Sasa dirisha la chumba cha watoto raba yake ilikwisha kabla hatujahamia, kwa hiyo mzinga ukilia, kioo kinaitikia. Gu! Trrr. Gu! Trrr. Binti yangu alipoanza kupata maneno aliniambia, "Mama, dirisha linaogopa." Niliripoti raba ile mara nne. Kombora moja la mzinga wa milimita 155 linagharimu maelfu ya pauni. Raba ni bei ya chai na kipande cha keki.

Nikawa kila mlio nahesabu: hiyo raba yangu imekwenda, hiyo nyingine imekwenda. Siku moja nikamwambia baba Imani kwamba wanafyatua raba zangu. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanyamaza, akasema, "Wewe unataka nipelekwe vitani na mzinga usio na kombora?" Nikakosa la kumjibu. Kwa hiyo msinifahamu visivyo, sisemi risasi zisinunuliwe. Mwenye kuzikosa ni huyo ninayemfulia nguo.

Viwanda hivyo vinatakiwa kwa sababu bohari za risasi zimepungua, na hilo halikuanza jana. Tangu mwaka 2022 Uingereza imewapa Ukraine vifaru 14 vya Challenger 2, mizinga ya AS90, na maelfu ya makombora ya NLAW ya kupigia vifaru. Vyote vilitoka ghalani, havikuagizwa vipya kwa ajili yao. Na ghala lenyewe lilijazwa na watu walioamini kwamba vita vitakuwa vifupi na mbali. Viwanda vya risasi vilivyokuwa vya serikali, Royal Ordnance, viliuzwa mwaka 1987 kwa kampuni ya British Aerospace. Baada ya vita baridi kwisha, oda zikawa za kudokoa. Kiwanda cha baruti si jiko la gesi useme nitawasha nikipata mgeni. Mwaka 2023 BAE, ndiyo hiyo British Aerospace kwa jina jipya, walipewa oda ya pauni milioni 280 ili uzalishaji wa makombora ya 155 upande hadi mara nane. Hiyo "mara nane" inakwambia uzalishaji ulikuwa mdogo kiasi gani. Ndiyo maana sasa wanataka viwanda vinavyokaa macho muda wote, hata pasipokuwa na vita.

Nyumba nazo hadithi yake ni ile ile, tofauti ni mwaka tu. Mwenye hesabu atakueleza kuliko mimi.

Mimi nikueleze Desemba 2022. Baridi ilishuka chini ya sifuri siku nyingi mfululizo. Boila ikafa usiku wa Ijumaa. Baba Imani wakati huo yuko wapi? Nanyuki, mazoezini! Ananitumia picha amevaa fulana, jua la Laikipia linamchoma, nyuma yake mbuzi. Mimi mzaliwa wa Likoni niko Wiltshire nimevaa makoti mawili ndani ya nyumba yake, na mtoto wa miezi saba nimemfunga kifuani kama mzigo wa kuvuka nao feri. Nikapiga simu kwa mkandarasi. Saa mbili nasikiliza muziki. Fundi wa kwanza alikuja hana kipuri. Wa pili alikuja na kipuri cha boila nyingine. Wakaniletea hita mbili za umeme, ambazo ukiziwasha kwa pamoja fyuzi inaruka, kwa hiyo kila usiku nilichagua: chumba cha watoto au jikoni. Siku kumi na moja. Jirani yangu wa kutoka Fiji alinipikia supu siku zote hizo, na yeye kwake maji yalikuwa yanapita kwenye dari.

Halafu kuvu. Nyuma ya kabati la nguo, ukuta mweusi kama chungu. Fundi alikuja akafuta, akapaka rangi nyeupe juu, akaniambia nizidi kufungua madirisha. Ilikuwa Januari.

Tena nyumba hii si ya bure. Kila mwezi inakatwa kwenye mshahara kabla hatujauona.

Ninachotaka uelewe, kakangu, ni hiki. Bohari ya risasi ina daftari. Kikipungua kitu, mtu anaulizwa. Lakini jeshi lina akiba nyingine isiyokuwa na daftari. Mwaka ule wa boila, mafundi watatu wa kikosi cha baba Imani waliacha kazi. Mmoja alikuwa na miaka kumi na minne ya kufungua injini za vifaru gizani. Hakuacha kwa sababu ya vita, aliacha kwa sababu mkewe alisema mimi narudi kwa mama. Kombora likipungua unaagiza jingine, linafika baada ya mwaka au miwili. Yule fundi utamwagiza wapi? Wakubwa walichelewa sana kulijua hilo, na mpaka leo wapo wanaodhani nyumba ni upole wa serikali kwa wake wa askari.

Daftari_la_Kariakoo

Mama Imani, pole sana na heshima yako. Mimi ni mhasibu, siko jeshini wala Uingereza, lakini suala la nyumba hizo nimelifuatilia kwa sababu ni mfano mzuri wa jinsi ya kutouza mali ya umma.

Mjomba, shika hii. Mwaka 1996 Wizara ya Ulinzi iliuza nyumba 57,400 za familia za wanajeshi kwa kampuni iitwayo Annington Homes, kwa pauni bilioni 1.66. Kisha siku ile ile ikageuka mpangaji. Ilizipangisha tena kwa mkataba wa miaka 200, na matengenezo yakabaki juu ya mpangaji. Rudia kusoma sentensi hiyo. Mwenye nyumba anakusanya kodi, na mpangaji ndiye anayeziba bati linalovuja. Nyumba ikikaa tupu ikarudishwa, kampuni inaiuza na faida ni yake.

Bei ya mauzo ni karibu pauni 29,000 kwa nyumba moja. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi mwaka 2018 ilikadiria kwamba serikali ilipata hasara ya kati ya bilioni 2.2 na bilioni 4.2 ukilinganisha na kama ingezibakiza. Januari 2025 wamezinunua tena zile 36,347 zilizobaki, kwa karibu bilioni 6. Hiyo ni kama pauni 165,000 kila moja. Kuwa mkweli, bei za nyumba kule zilipanda mara kadhaa katika miaka hiyo, kwa hiyo huwezi kuita tofauti yote wizi. Lakini ndiyo hoja yenyewe: aliyekaa na mali wakati inapanda si aliyeijenga.

Wenyewe wanasema wameokoa kodi ya pauni milioni 230 kwa mwaka. Ukiigawa bei ya kununulia kwa kodi hiyo unapata miaka 26. Si biashara ya kumfanya mhasibu aruke kwa furaha, hasa ukikumbuka kwamba serikali nayo inakopa kwa riba. Faida kubwa naiona kwingine: ukuta ukiwa wa kwako unaweza kuubomoa. Huwezi kumimina fedha za umma kwenye nyumba ya mtu mwingine miaka 28 halafu ushangae kwa nini hazina iligoma kuzitoa. Mimi kuvu ya mama Imani naiona imeanzia kwenye mkataba ule, siyo nyuma ya kabati.

Kuhusu mfuko: ndiyo, vyote viko kwenye bajeti ya ulinzi. Februari 2025 Starmer alitangaza bajeti hiyo itafika asilimia 2.5 ya Pato la Taifa ifikapo Aprili 2027. Fedha za kuipandisha zimetoka wapi? Kwenye misaada ya nje, inayoshushwa kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ya pato lao. Kwa hiyo tukishangilia boila za Wiltshire, tukumbuke kuna zahanati za huku kwetu zimechangia.

Ghala_Mstaafu

Niongeze moja dogo la ghalani, maana watu wanadhani risasi ni kama saruji, unapanga na kuondoka. Nimetunza maghala miaka mingi kabla ya kustaafu.

Baruti inazeeka. Ndani yake inawekwa kemikali ya kuituliza, na kemikali hiyo inaliwa polepole, haraka zaidi kukiwa na joto. Kila toleo lazima lichukuliwe sampuli na kupimwa. Ghala lazima liwe kavu, joto lisipande na kushuka, na liwe mbali na watu. Kwa hiyo ukinunua kombora leo umenunua pia gharama ya kulilea, na siku ya kuliteketeza pia utalipa. Waliokuwa Mbagala Aprili 2009 na Gongo la Mboto Februari 2011, maghala ya jeshi yalipolipuka, hawahitaji kuelezwa umbali kati ya ghala na nyumba maana yake nini.

Ndiyo maana napenda wazo la viwanda vilivyo macho kuliko wazo la kulundika. Akiba nzuri ni ile inayozunguka: ya zamani inakwenda mazoezini, mpya inaingia. Hiyo mizinga inayotikisa dirisha la mama Imani huenda inafanya kazi mbili, inafundisha vijana na inakula toleo la zamani.

Ila nimecheka kidogo. Kombora tunalilinda na unyevu kuliko mtoto wa askari.

MamaImani_Larkhill

@Ghala_Mstaafu mzee wangu, hiyo ya unyevu nimemsomea baba Imani, amesema anaiandika ukutani.

@Daftari_la_Kariakoo hesabu zako nimezielewa kuliko maelezo yote niliyowahi kupewa huku. Kuhusu zahanati, hilo sina jibu. Dadangu ni mhudumu wa afya Kwale, kwenye mradi wa wafadhili. Tukipigiana simu tunaongea habari za mama, za watoto, bei ya unga. Hilo hatuligusi.

Sasa nirudi kwa swali la mjomba, zinafika? Nisitie chumvi wala nisinyime sifa. Desemba 2024 Kamati ya Bunge ya Ulinzi ilisema theluthi mbili za nyumba za familia zinahitaji ukarabati mkubwa au kujengwa upya. Aprili 2025 serikali ikatangaza mkataba wa haki za wakaaji, ambao ndani yake kila familia iwe na afisa nyumba mwenye jina, uone picha na ramani ya nyumba kabla hujahamia, na nyumba 1,000 zilizo mbaya kuliko zote zianze kwanza. Novemba 2025 ukaja mkakati wa miaka kumi, bilioni 9, wakisema nyumba tisa kati ya kumi zitaguswa, na takriban 14,000 kati yake ni za ukarabati mkubwa au kubadilishwa kabisa.

Kwangu mimi hadi leo zimefika hivi: afisa nyumba ninaye, ana jina, na akiandikiwa anajibu. Oktoba alikuja fundi mwingine kabisa, kijana mpole, akatoa raba ya dirisha mfukoni kama mtu anayetoa peremende. Dakika ishirini. Mizinga ikilia siku hizi kioo kimetulia, na binti yangu anasema dirisha limekua. Boila ni ile ile. Bilioni zinatembea kwa miguu, kakangu, na barabara kutoka Bungeni hadi jikoni kwangu ina wakandarasi wengi katikati.

Jirani yangu wa Fiji hayumo tena. Walihama mumewe alipoacha jeshi, miezi minne kabla dari lao halijatengenezwa. Waliohamia wamelikuta jeupe.

Mjomba_wa_Pongwe

Wakuu, nimenyamaza kwa sababu nilikuwa nasoma kwa sauti sebuleni. Dada yangu ameshika shavu. Mpwa naye amekaa pale anasikiliza, anauliza jambo moja tu: nyumba anapewa lini?

MamaImani_Larkhill

Mwambie haya, na umwambie taratibu asivunjike moyo.

Nyumba za familia ni za wenye familia. Kama hajaoa, anakaa bwenini kambini, chumba chake na labda bafu la kushirikiana. Na asikimbilie kuoa kwa ajili ya nyumba, wapo waliofanya hivyo na nyumba waliyopewa ndiyo hii ninayowahadithia. Akiwa na mke nyumbani, mke hapandi ndege naye siku ya kwanza. Kuna visa yake na kipimo cha kipato.

Siku atakapopewa nyumba, siku ya makabidhiano asione haya. Sisi watu wa pwani tuna aibu ya mgeni, tunasema asante kabla hatujavua viatu. Yeye azunguke na simu, apige picha kila chumba, zenye tarehe. Afungue bomba la maji ya moto aliache dakika tano. Awashe kila radieta. Asisaini mpaka kila kasoro imeandikwa, hata ya msumari, maana siku ya kutoka atadaiwa yeye.

Mjomba_wa_Pongwe

Ameandika yote kwenye daftari. Anauliza kama abebe chochote kutoka huku, sufuria au mbuzi ya nazi.

MamaImani_Larkhill

Mbuzi abebe, huku kuipata ni shida. Sufuria aache.

Na kabla hajasaini, avute kabati la nguo aangalie nyuma yake.